Juma la Kimya

Fahali alikuwa mweusi tii, mwenye baka jeupe kwenye paji la uso, na mnadi Sejilo alimsifia kana kwamba anamtafutia mchumba. Sauti yake ilienea uwanja mzima wa mnada wa Msalato, nzito, yenye mkwaruzo kidogo kila neno linapoishia. Ilikuwa sauti ile ile ambayo watu wa Dodoma waliizoea tangu enzi ambazo ng'ombe walisukumwa na vijana wenye fimbo, kabla hawajaja hawa wachunga-chuma wenye miguu minne, wasiochoka wala kuomba maji. Mgeni angeweza kusimama pale asubuhi nzima asigundue kitu. Midomo ya mzee ilicheza, mashavu yalijaa na kupungua, mkono ulipiga hewa kama kawaida ya wanadi, lakini kooni mwake hamkutoka hata pumzi ya neno. Zoloto lake lilikwisha kuondolewa hospitalini pamoja na uvimbe wa saratani, miaka mingi nyuma. Sauti ilitoka kwenye mkanda wa rangi ya kahawia uliomzunguka shingo, mwembamba kama utepe wa kusukia nywele.

Mkanda huo uliitwa kinena, kwa maana ya chenye kunena. Chini ya ngozi ya shingo, mganga alipandikiza nyuzi laini kuliko unywele, akazilaza kando ya mishipa ya fahamu. Mtu anapotaka kusema, ubongo hutuma amri kwenye koo hata kama koo lenyewe halipo tena, mfano wa mgeni anayepiga hodi kwenye nyumba iliyobomolewa. Nyuzi huisikia ile hodi, nao mkanda ukaitikia badala ya mwenye nyumba. Na uliitikia kwa sauti yake mwenyewe, iliyochukuliwa kabla ya kisu kupita. Watu wengi wa miji ya nchi hii na za jirani walivaa kinena, wakaimba kwaya, wakasuta majirani, wakabembeleza wajukuu kwa sauti walizozaliwa nazo.

Siku hiyo Sejilo alikuwa akimchokoza Mama Loisi, mnunuzi wake wa siku zote kutoka Bahi. Mama huyo hakuja mwenyewe, alituma taswira yake ya mwanga, ikasimama mstari wa mbele imekunja mikono vile vile kama mwenyewe. Sejilo akamwambia asimnunie fahali, maana fahali hajamposa mtu. Watu wakacheka. Akaendelea kusifia: ana shingo ya kazi, ana kwato ngumu, ana... Hapo mkanda ukasema mvua. Ukatulia kidogo, kisha kwa sauti ile ile nzuri ya mzee ukasema, "Ana mvua. Ana mvua mbili za nyuma."

Watu wakacheka zaidi, wakidhani mzee kaleta mpya, kiangazi chote kile na vumbi lote lile halafu anawauzia mvua. Sejilo naye akajichekesha. Lakini mkono wake ukapanda shingoni, na macho yakaanza kumtafuta mtu katikati ya watu.

Aliyekuwa akitafutwa ni binti yake, Damari, mwanamke wa makamo, aliyesimama kando ya banda la mizani na hotipoti ya ugali wa uwele na mlenda aliomletea baba yake. Damari hakucheka. Ile hotipoti aliikumbatia kifuani mpaka joto lake likapenya kwenye kitenge, wala hakuhisi kwamba anaungua. Yeye alijua maana ya ile mvua, kwa sababu alikuwa mmoja wa watunzaji saba wa kinena.

Jambo lile waliliita mteleko. Kovu la kooni halilali likatulia, huendelea kukua polepole, na likikua husukuma zile nyuzi pembeni. Mkanda nao ulitengenezwa uwe unajifunza kila siku kutoka kwa mwenyewe. Sasa nyuzi zikisogea, mkanda husikia vibaya, kisha hujifunza kutokana na yale mabaya, kama fundi cherehani anayekata gauni la leo kwa kufuatisha la jana badala ya kurudi kwenye kipimo cha kwanza. Kila kosa jipya hufuta kidogo ile sauti ya asili, na sauti ya asili haikuwekwa mahali pengine popote. Watunzaji walijivunia jambo hilo, kwamba hakuna ofisi wala serikali inayohifadhi sauti ya mtu, kila mmoja anaivaa yake shingoni. Kuuzima mkanda hakukusaidia, maana nyuzi ziliendelea kusikiliza hata mtu akimeza mate. Kuzitoa kulihitaji kisu, na kisu kingeziua pamoja na kila kilichohifadhiwa.

Kilichomuumiza Damari ni kwamba dawa ilikuwepo. Aliishona mwenyewe, kwa miezi mingi, pale mezani jikoni kwao Nkuhungu: kiraka kidogo cha maagizo ambacho kingeurudisha mkanda kwenye kipimo cha kwanza kila unapotaka kupotea. Watunzaji wote walikipima, na wote walisema ni kizuri. Lakini hakikuweza kuingia kwenye mkanda hata mmoja.

Inafaa kueleza sababu yake taratibu. Programu inayoendesha kinena ilikuwa programu huria. Haikuwa mali ya kampuni. Mtu yeyote aliweza kuisoma, kuichukua, kuirekebisha na kuwarudishia wenzake, kama kisima cha mtaa ambacho hakina mwenyewe ila kina watu wanaofagia pembeni na kuangalia kama kamba imechakaa. Hao wafagiaji ndio watunzaji. Kila mtunzaji alikuwa na muhuri wake, na mkanda haukupokea kiraka chochote kisicho na mihuri mitano kati ya saba. Ugumu huo uliwekwa baada ya wezi kuanza kuiba sauti za watu na kuzitumia kuwapigia ndugu zao simu za uongo.

Na namna ya kukubaliana ilikuwa ya pekee. Mwanzilishi wa mradi, mhandisi mmoja wa Tabora aitwaye Kwilasa, alichukia kura. Alisema kura huacha walioshindwa, na aliyeshindwa hukaa na kinyongo. Kwa hiyo akaanzisha desturi ya juma la kimya. Mtu huweka kiraka chake siku ya Jumapili kwenye baraza la mradi, ukurasa wa wazi ambao yeyote huweza kuusoma na kuandika. Ikifika Jumapili inayofuata na hakuna aliyeandika neno, basi kimekubaliwa, mashine ndogo iitwayo kihesabu-kimya hufungua mihuri yenyewe. Neno likiandikwa, lolote lile, hesabu huanza upya. Hata pongezi. Hata swali. Siku za mwanzo watu walikuwa wakigombana kama fulani alipinga au aliuliza tu, ndipo Kwilasa akasema neno ni neno, akaufunga mjadala. Miaka mingi desturi hiyo iliwafaa. Watu wa mbali waliisifu, wakasema kumbe Waafrika wa pwani na bara wamegundua namna ya kutawala bila kelele.

Mpaka Kwilasa alipozeeka akawa mkali. Alikataa kazi za vijana bila kueleza, akawajibu maneno ya kukera, na neno lake moja likawa kama kufuli mlangoni. Raya Mbarouk, tabibu wa mishipa ya fahamu kutoka Chake Chake, akapendekeza uongozi uwe wa kuchaguliwa na ghala la programu, mahali viraka vinapopokelewa na kutolewa, lihamishiwe mikononi mwa wengi. Aliweka pendekezo Jumapili. Juma hilo Kwilasa alikuwa amelazwa, malaria imempanda kichwani, hajui asubuhi wala jioni. Hakuandika neno. Wengine pia hawakuandika, Damari akiwa mmojawapo, kwa sababu aliona Raya ana haki na vilevile aliona haya kumsema mzee. Pendekezo likapita. Kwilasa alipopata nafuu akakuta hana mamlaka, akasema amepinduliwa akiwa kitandani kama mfalme wa zamani, akafungua tena ghala lake la kale na kuondoka na wenzake wawili. Raya akabaki na wawili katika ghala jipya. Damari hakwenda kokote. Hesabu ni rahisi: hata angehamia upande mmoja wangekuwa wanne, na mkanda unataka watano.

Jioni ya siku ile ya mnada, Damari alimwita Raya. Taswira yake ikakaa kwenye kigoda cha jikoni, na Damari akaendelea kupepeta uwele.

"Kiraka chako mie nimekijaribu mara tatu," Raya alisema. "Kizuri. Hakuna anayesema si kizuri."

"Basi tieni mihuri."

"Tutie wapi? Kwake? Nikitia kwake nimesema la kwetu ni banda la uani. Kuna watu wameacha kazi zao wakanifuata, Damari. Niwaambie nini?"

"Waambie baba yangu anauza mvua mnadani."

Raya akasema kwamba wagonjwa wa kwake pia wapo, asidhani ni Dodoma peke yake. Kuna mwalimu mmoja kule Wete, mkanda wake umeanza kumwita mkewe kwa jina la mbuzi, na mke anacheka mbele za watu halafu analia chumbani. Kwilasa akikubali kulitambua ghala jipya, kiraka kitawekwa barazani Jumapili hiyo hiyo. "Mie simchukii mzee yule," alisema. "Yeye ndiye aliyenifundisha. Lakini mtu akikufundisha si kwamba kakununua."

Damari aliyaona maneno hayo kuwa ya kweli yote, na hapo ndipo palipomvunja moyo. Alitamani apate mtu mwovu wa kumlaumu.

Alimweleza baba yake. Mzee Sejilo alisikiliza huku akiparura mlenda sahanini, kisha akauliza huyo Kwilasa ni mtu wa wapi. Aliposikia ni Mnyamwezi wa Tabora, uso ukamkunjuka kwa mara ya kwanza tangu mnadani. "Mpagazi huyo niachie mimi," alisema, na mkanda ulilitoa neno lile sawasawa, bila kosa.

Wagogo na Wanyamwezi ni watani. Tangu misafara ya zamani ilipopita Ugogo na mizigo kichwani, wametukanana wakacheka, wamezikana, wameingiliana jikoni. Mtani akija nyumbani kwako akaweka mkono juu ya kitu, akasema hiki nachukua, ni vigumu kumnyima. Sejilo aliwaza kwamba palipowashinda wasomi, utani utapita.

Walipanda treni ya sumaku asubuhi, ikapita Manyoni na Itigi kama mtu anayefunua kurasa za kitabu bila kusoma. Kwilasa walimkuta ukumbini kwake, mzee mrefu aliyekonda, blanketi mabegani, anafungua redio ya kizamani kwa bisibisi. Damari alimwamkia, akaitikia marahaba kwa ubaridi. Lakini alipomwona aliye nyuma yake na kuambiwa ni mtu wa Dodoma, bisibisi ikawekwa chini.

"Mgogo," akasema, akigeukia jikoni. "Ficheni sahani, keshafika wa kuomba."

"Sahani mlizijua lini?" Sejilo akamjibu. "Babu zako walipita kwetu na meno ya tembo kichwani, wakala matikiti pori kwa kuyapasua kwa magoti."

"Na babu zako wakatutoza kwa maji yaliyochimbwa na kwato za ng'ombe."

"Mlikunywa. Mkashukuru. Mkaomba mengine."

Kwilasa alicheka mpaka blanketi likadondoka. Akaagiza asali na karanga za kukaanga, akamsogezea mgeni kiti chake mwenyewe. Kwa kitambo kile Damari aliruhusu moyo wake utumaini, akaona jinsi ambavyo mambo yangekuwa siku zote kama yangeachiwa watu wa namna hii.

Basi Sejilo akasimama kudai muhuri, maana mtani hudai akiwa amesimama. Akanyoosha kidole kifuani kwa mwenyeji. Midomo ikacheza. Mkanda ukasema, "Nimekuja kuchukua jivu." Kwilasa akacheka, akangojea utani ukamilike. Sejilo akatikisa kichwa, akaanza upya, na mkanda ukasema, "Jivu lako. Nalala jivu la jana, bibi." Akajaribu tena, shingo imetoa mishipa, na safari hii zikatoka silabi tupu, nzuri, za sauti yake kabisa, zisizo na maana yoyote, kama mnada unaosikika kutoka ng'ambo ya kilima. Jasho likamtiririka mzee kwenye paji la uso. Akakaa. Akalitazama bakuli la karanga, hakuinua tena uso.

Kwilasa hakucheka tena.

"Ndiyo huu?" alimuuliza Damari.

"Ndiyo huu, mzee wangu."

Kwilasa alikuwa ameusoma mteleko katika tarakimu, akaujadili, akauandikia maneno makali baraza zima. Hakuwahi kuusikia. Alikunja pindo la blanketi, kisha akasema kwamba ghala la Raya hatalitambua mpaka anaingia kaburini, lakini lipo lile baraza la kale ambalo pande zote mbili bado hulisoma, ingawa hakuna aliyeandika humo tangu wagawanyike. Kiraka kiwekwe humo. Si kwake wala kwa Raya. Juma moja la kimya, mihuri ijifungue, kila upande uchukue, kisha warudi kwenye ugomvi wao. Damari alimtumia Raya ujumbe wakiwa njiani, na treni ilikuwa haijafika Manyoni jibu likaja: Raya amekubali, na watu wake watanyamaza.

Mganga aliyempima Sejilo alisema sauti ya asili ingeweza kustahimili juma hilo, na pengine siku chache mbele, si zaidi. Kwa hiyo Jumapili ilipofika Damari aliweka kiraka barazani, akafunga mikono.

Lilikuwa juma la ajabu. Watu waliokuwa wakitupiana maneno mwaka mzima wakatulia wote kwa pamoja. Sejilo naye alinyamaza, ingawa aliambiwa haisaidii sana, akawa anaagiza chai kwa kugonga kikombe na kukataa sukari kwa kukunja pua. Jirani zao, ambao waliijua habari ile, walipita uani kwa kunyata kana kwamba hata kandambili zao zingeweza kuharibu hesabu. Damari alifua mapazia. Alichambua zabibu, akapika mlenda, akarudi kutazama kihesabu-kimya, akarudi jikoni. Jumatano ilipita. Alhamisi ikapita. Ijumaa akathubutu kumwambia baba yake kwamba akipona amnadie jogoo wa Mama Perisi, wa jirani, anayewika mchana. Mzee akacheka bila sauti, mabega yakitikisika.

Jumamosi, baada ya chakula cha mchana, Kwilasa aliandika.

Aliandika mstari mmoja. Kwa muda wa juma zima ile taswira ya mtani wake anayetoka jasho haikumtoka, naye ni mtu mzima aliyezoea kusema la moyoni, na pengine usingizi wa mchana ulimchanganya. Aliandika: "Mtani wangu Sejilo, nakuombea. Nimekubali kwa moyo wangu wote." Kihesabu-kimya hakikujua moyo ni nini. Kilirudi mwanzo.

Hata hapo mambo yangeweza kuokolewa kidogo, kama wote wangenyamaza tena saa ile ile. Lakini mtu wa upande wa Raya akaandika kwamba mzee amefanya makusudi, anataka ionekane kiraka kimepita kwa idhini yake. Mtu wa upande wa Kwilasa akajibu kwamba hiyo ni dharau kwa mgonjwa. Kwilasa akaandika samahani, na samahani ikairudisha hesabu mwanzo. Raya akaandika kwamba tafadhali yeyote asijibu. Hesabu ikarudi mwanzo. Wasomaji wa kawaida, waliovaa kinena wa miji yote na ndugu zao, wakaanza kumiminika wakiandika jamani tunyamaze, kwa ajili ya Mungu tunyamaze, mnaona mnachofanya, na kila ombi la kunyamaza lilikuwa neno. Damari alikaa mbele ya kioo akiona namba zinazaliwa na kufa. Mwisho hakuweza kuvumilia, akaandika kwa herufi kubwa akiwasihi wasiandike tena, na akaona kwa macho yake hesabu ikirudi mwanzo kwa mkono wake mwenyewe.

Jumatatu alimwomba Raya mihuri itiwe kwa mkono, wasingoje mashine. Raya alijibu kwamba hilo ni kubadili desturi, na kubadili desturi kunahitaji juma la kimya. Alisema hivyo huku akilia, lakini alisema. Alipomwendea Kwilasa, huyo naye alikuwa ameitwa mlaghai barazani na watoto wa umri wa wajukuu zake, amejifungia chumbani, hapokei simu ya mtu. Juma jingine likaanza, halikufika hata Jumanne. Watu walikuwa na mengi ya kusema.

Damari alijua siku sauti ya baba yake ilipokwisha. Baba yake alikuwa amekaa sebuleni akinywa chai, ameinamia kikombe, midomo imefungwa. Mkanda ukasema, "Habari za asubuhi. Karibuni sana." Ulisema kwa ufasaha, bila kukwama hata kidogo, kwa sauti ya mwanamume asiye na umri, isiyo nzito wala nyepesi, isiyo na mkwaruzo. Mzee akageuka kutazama mlangoni kama kuna mgeni. Hapakuwa na mtu. Mkanda ukaendelea kueleza kwamba hali ya hewa ni nzuri na ng'ombe wamepata majani. Ulikuwa umekwisha kujifunza kusema bila yeye.

Sejilo akaweka kikombe chini. Akafungua kishikizo shingoni taratibu, kama anavyovua mtu saa kabla ya kuoga, akauacha mkanda mezani ukizungumza peke yake. Akaenda bombani kunawa uso, akanawa muda mrefu kuliko uso unavyohitaji.

Baadaye zilikuja taarifa mbili. Ghala la kale lilitoa yake, ghala jipya likatoa yake, na zote ziliitwa kisa cha mnadi wa Dodoma. Damari alizisoma zote akiwa amesimama. Habari za ugonjwa zilifanana, hata majina ya mishipa yalifanana. Kilichotofautiana ni nani aliyeua sauti. Kila upande ulimwalika aje azungumze mkutanoni, alete na picha ya baba yake kama anayo nzuri. Kiraka chake hakikutajwa ila pembeni, kwamba bado kinasubiri utaratibu.

Aliandika kwamba anaacha utunzaji. Kwa desturi yao hata kujiuzulu kulihitaji kupita barazani, Jumapili hadi Jumapili, kwa hiyo akaiweka barua fupi mahali pale pale na kusubiri. Hakusubiri kwa shauku, alisubiri kama mtu anayengoja nguo zikauke. Jumatatu hakuna aliyeandika. Jumatano vilevile. Jumapili ilipofika kihesabu-kimya kilikuwa kimejaa, muhuri wake ukafa wenyewe. Katika juma zima hakuna aliyesema neno.

Kampuni moja ya kigeni ilikuwa ikiuza mikanda iliyofungwa, isiyosomeka ndani na mtu yeyote, yenye sauti chache za kuchagua. Haikutumia nyuzi. Ilisoma midomo. Haikuruhusu kupaza sauti, kwa sababu za usalama, hivyo mnadani alisimama mtu mwingine. Damari alinunua mmoja kwa sababu baba yake alikuwa ameanza kukaa na watu akitazama sakafu. Mzee alizisikiliza sauti zote za kampuni, moja baada ya nyingine, akiwa ameinamisha sikio kama anayechagua tikiti, akaonyesha moja kwa kidole bila kutabasamu. Hakuwahi kueleza kwa nini hiyo.

Siku moja Damari alikuwa uani akisugua masufuria kwa majivu. Kutoka ndani mwanamume mmoja akaita jina lake. Akadhani ni redio ya jirani, akaendelea kusugua. Yule mwanamume akaita tena, kwa adabu, kwa kiwango kile kile, bila kukasirika kama anavyokasirika mzazi anayeita mara ya pili.

"Abee, baba," Damari akaitika, akafuta mikono kwenye kanga, akaingia kuona anataka nini.